Ukiishiwa na petroli njiani kwenda Mwihoko

TAA ndogo ya manjano yenye picha ya pampu inawaka gari likiwa Roysambu. Baba ameshika usukani, mama yuko kando yake, na kiti cha nyuma kimejaa watoto na mifuko ya unga, sukari na sabuni iliyonunuliwa mjini. “Baba Njeri, hiyo taa si ya petroli?” mama anauliza. Baba anacheka kidogo. Gari hili analijua, asema. Taa hiyo ikiwaka bado kuna mafuta ya kuwafikisha nyumbani na kumrudisha yeye kazini kesho. Kituo kimoja cha petroli kinapitwa, kisha cha pili. Pale Githurai 45 gari linaiacha barabara kuu ya Thika na kuingia ile inayopenya sokoni, ambako matatu, mikokoteni, boda boda na wauza nyanya hung’ang’ania nafasi ile ile. Foleni haisongi. Nusu saa baadaye injini inakohoa mara mbili, gari linashtuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha kimya. Honi zinaanza nyuma yake.

Familia hiyo ni ya kubuni, lakini msomaji anayeishi Mwihoko, Kimbo au Kahawa Sukari hatakosa kumwona jirani yake hapo. Mwihoko, mtaa ulio katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, ni makao ya watu wengi wanaolala huko na kwenda kazini Nairobi kila asubuhi. Kwa lugha ya Gikuyu jina hilo lina maana ya tumaini. Na kwa hakika dereva anayekipita kituo cha mwisho huku kishale kimelala kwenye herufi E huwa anaendesha kwa tumaini tu.

Hapo zamani kuishiwa na petroli lilikuwa jambo la aibu, basi. Katika gari la kabureta kama Peugeot 504, pampu ilikuwa kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na injini yenyewe. Tangi likikauka, kijana alitumwa na mtungi, petroli kidogo ikamwagwa kwenye kabureta, wapita njia wakasukuma, injini ikaitika. Hakuna kilichoharibika isipokuwa mashati ya waliosukuma. Zile Volkswagen za mgongo wa kobe, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, hazikuwa hata na kipimo cha mafuta. Injini ilipoanza kukohoa, dereva aligeuza kijiti kilichokuwa miguuni pake, na akiba iliyosalia kwenye tangi ikamfikisha kituoni. Pikipiki nyingi za boda boda zina mtindo huo hadi leo. Mwendeshaji huinama, akageuza kifunguo kilicho chini ya tangi, na abiria huenda asijue kwamba kulikuwa na shida.

Gari la kisasa halina kijiti wala kifunguo. Ile taa ya manjano ndiyo akiba yenyewe.

PAMPU ILIYOZAMA

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni mahali ilipo pampu ya gari la leo. Imo ndani ya tangi, imezama kwenye petroli, nayo huendeshwa kwa umeme. Kazi yake ni kusukuma petroli hadi kwenye injini kwa presha inayozidi ile iliyo ndani ya tairi, na huifanya kazi hiyo bila kupumzika tangu unapowasha gari hadi unapolizima. Kifaa kinachofanya kazi namna hiyo lazima kipate moto. Kinachokipoza ni petroli hiyo hiyo, inayokizunguka na kupita ndani yake. Tena ndiyo inayokilainisha.

Fikiria sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakiwemo, moto hauidhuru. Yakikauka, hata moto mdogo utaiharibu. Pampu inayozunguka ndani ya tangi lililobaki na matone huvuta hewa na mvuke badala ya petroli, ikazidi kupata moto na kujisaga. La kusikitisha ni kwamba haifi siku hiyo. Dereva hutia petroli, gari likawaka, akaondoka akijipongeza kwamba hakuna kilichoharibika. Huenda ikafa miezi kadhaa baadaye, asubuhi ya siku ya mtihani au ya safari ya kwenda kwa wakwe, na hapo hakuna atakayekumbuka zile jioni za Githurai. Fundi atainua kiti cha nyuma, ambako katika magari mengi madogo ndiko mlango wa pampu uliko, au atalazimika kulishusha tangi zima.

Wengi husema pia kwamba petroli ikipungua pampu huvuta uchafu uliotua chini ya tangi. Kwa maoni yangu dai hilo limetiwa chumvi, kwa kuwa pampu hunyonya kutoka sakafu ya tangi siku zote, liwe limejaa au la. Cha kuogopa zaidi ni moto.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani. Petroli inapokuja kwa kukatika, injini hukosa kuchoma sawasawa, na ile isiyoungua huweza kupenya hadi kwenye ekzosi. Huko kuna kifaa cha kusafisha moshi kiitwacho katalisti, ambacho huwa na joto kali sana. Petroli mbichi ikikifikia huungulia humo humo, na kifaa kikazidi kupata moto kupita kiasi chake. Kompyuta ya gari nayo huandika kwamba injini imekosea, na taa ya injini huenda ikabaki inawaka hata baada ya kutia mafuta.

Gari la dizeli ni habari nyingine, tena nzito zaidi. Katika injini za dizeli za kisasa kuna pampu ya pili, ya presha kubwa mno, ambayo huweza kuzidi presha ya tairi mara mia tano na zaidi. Vyuma vyake vimechongwa kwa usahihi wa ajabu na hulainishwa na dizeli yenyewe. Vikisuguana vikavu, huchubuka, na chembe za chuma zikasafiri hadi kwenye injekta. Aidha, hewa iliyoingia kwenye mabomba haitoki kwa urahisi. Mara nyingi ni lazima fundi aitoe kwa kuipampu kwa mkono pale kwenye filta kabla injini haijakubali kuwaka. Mwenye pikapu ya dizeli anayesafirisha mboga au mawe ya ujenzi asijaribu hata siku moja kuona taa hiyo itamfikisha wapi.

KIPIMO NI MAKISIO

Kipimo cha mafuta hutegemea kiboya kinachoelea ndani ya tangi na kupanda au kushuka pamoja na petroli. Gari likipanda kilima, petroli hukimbilia upande mmoja, na kiboya nacho huenda nayo. Barabara ikiwa na mashimo, hucheza. Ndiyo maana kishale kinaweza kusema jambo moja kwenye barabara kuu na jambo jingine ukiwa umeegesha kwenye mteremko nje ya lango lako.

Magari mengi ya siku hizi huonyesha pia idadi ya kilomita zilizobaki. Tarakimu hiyo ina heshima kubwa machoni pa dereva kwa sababu imetoka kwa kompyuta, lakini ni makisio yanayotokana na jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka mjini usiku barabara ikiwa wazi, kompyuta huona unakula petroli kidogo na kukuahidi kilomita 40. Ukiingia kwenye foleni ya Githurai, ahadi hiyo huyeyuka. Injini ndogo inayonguruma bila gari kwenda huweza kunywa nusu lita au zaidi kwa saa moja, na hapo hujasonga hata mita kumi. Kutoka katikati ya jiji hadi Mwihoko ni safari isiyofika kilomita 25, lakini tangi halihesabu kilomita peke yake. Huhesabu pia saa.

Taa yenyewe huwaka pakiwa pamesalia kiasi kinachotofautiana kati ya gari na gari. Kitabu cha gari hukitaja, ila magari mengi ya mitumba kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani au bila kitabu kabisa. Lililo salama ni kuichukua taa hiyo kama amri ya kuingia kituo kinachofuata.

MAFUTA YA MIA TANO

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo hili, ambacho ni mfuko. Hakuna anayependa kuendesha gari kishale kikiwa kimelala. Petroli ni ghali. EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na mafuta nchini, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na jioni hiyo wengi huwa macho. Septemba 2023 lita moja jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, na mwezi uliofuata ikafika shilingi 217.36. Kwa bei hiyo ya Oktoba 2023, noti ya mia tano ilinunua lita mbili na robo hivi. Baba wa watoto watatu mwenye karo ya kulipa na kodi ya nyumba hawezi kulaumiwa akisema, “Tia ya mia tano tu, ndugu yangu.”

Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Gari linalokula lita nne kwa siku litakula lita nne, kishale kiwe karibu na F au karibu na E. Anayetia lita nne kila jioni tangi likiwa robo na anayetia lita nne kila jioni tangi likiwa tupu hulipa pesa sawa mwezi mzima. Tofauti yao ni ile robo inayokaa pale chini bila kuguswa. Wakazi wa mitaa yetu wanaijua hali hii vizuri, maana ni sawa na amana anayodai mwenye nyumba kabla hajakupa ufunguo. Unailipa mara moja tu. Kila mwezi baada ya hapo unalipa kodi, wala amana haiongezeki. Lita kumi kwa bei ile ya Oktoba 2023 zilikuwa shilingi 2,173 na senti. Ni pesa nyingi kuzitoa kwa mkupuo mmoja, lakini zinaweza kukusanywa kidogo kidogo: badala ya mia tano, tia mia sita kila jioni, na baada ya wiki tatu na siku chache amana imetimia.

Amana hiyo ina faida nyingine. Aprili 2022 petroli iliadimika nchini na magari yakapiga foleni ndefu vituoni. Aliyekuwa na nusu tangi aliweza kungoja. Aliyekuwa na taa ya manjano alijiunga na foleni siku ile ile, akiomba Mungu petroli isikatike zamu yake ikikaribia.

Kuna pia akiba isiyo akiba, nayo ni ile tabia ya kutoa gia kwenye mteremko ili gari lijiendee lenyewe. Enzi za kabureta ilikuwa na maana kidogo, ingawa hata wakati huo ilikuwa hatari. Gari la kisasa likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye kikanyagio cha mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, inabidi injini inyunyiziwe petroli ili isizime. Kwa hivyo anayetoa gia mteremkoni hutumia zaidi, na breki zake hubeba mzigo wote.

IKIZIMA MBIO ZIKIWA NYINGI

Kukwama sokoni Githurai ni aibu na kelele. Kukwama kwenye barabara kuu ya Thika ni hatari ya mauti. Barabara hiyo ya kilomita 50 hivi, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ilijengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na gari lililosimama kwenye safu ya kulia usiku ni sawa na ukuta uliojengwa ghafla.

Injini ikikohoa, usingoje ikohoe mara ya pili. Washa taa za tahadhari, angalia kioo, na utumie mwendo uliobaki kuelekea kushoto, hadi kwenye kituo cha matatu au pembeni kabisa mwa lami. Usizime gari kwa kuung’oa ufunguo kabla halijasimama, kwa maana usukani unaweza kujifunga. Tarajia usukani kuwa mzito ghafla. Breki nazo husaidiwa na injini. Ikizima, msaada hubaki wa kukanyaga mara moja au mbili hivi, kisha kikanyagio huwa kigumu kama jiwe. Kwa hivyo kanyaga mara moja, kwa nguvu, wala usipige-pige.

Likishasimama, abiria wote watoke kwa mlango wa kushoto na kusimama mbali na lami. Watoto wasiachwe ndani eti kwa sababu ya baridi. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe nyuma ya gari, hatua hamsini au zaidi kwenye barabara ya kasi. Matawi ya miti ambayo madereva wetu hupenda kuyatandaza hayaonekani usiku, na mara nyingi huachwa barabarani kumsumbua mwingine.

Kisha kuna suala la mtungi. Wahudumu wengi vituoni hukataa kutia petroli kwenye chupa ya maji au ya soda, nao wana haki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kukusanyika pasipoonekana, ukingoja cheche. Nchi hii ililijua jambo hilo kwa uchungu mwingi huko Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, na tena katika mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 2011, ambako watu wengi waliteketea palipomwagika mafuta. Tumia mtungi imara uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, uuweke chini wakati wa kutia, usiujaze hadi mdomoni, na ufunge kifuniko barabara. Asiye na mtungi huo ni afadhali ampigie simu jirani mwenye nao au, ikiwa ni mwanachama, chama cha madereva cha AA.

Petroli inayouzwa kando ya njia usiijaribu. Huwezi kujua imechanganywa na nini, na ndiyo sababu serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili kuvunja biashara ya kuyachanganya na dizeli. Wala usinyonye petroli ya gari jingine kwa mpira na mdomo. Tone likiingia mapafuni linaweza kumlaza mtu hospitalini.

KULIAMSHA GARI

Mtungi umefika. Lita moja au mbili hazitoshi, hasa gari likiwa limeinama, kwa sababu petroli huenda ikakusanyika mahali pampu haifiki. Tia lita tano ukiweza. Halafu usikimbilie kupiga stata. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, ukomee hapo, na utege sikio: utasikia mvumo mdogo kutoka nyuma kwa sekunde chache. Hiyo ni pampu inajaza mabomba. Zima, kisha rudia mara tatu au nne. Katika magari mengi ya kuwashwa kwa kitufe, unabonyeza mara mbili bila kukanyaga breki ili kupata hali hiyo hiyo. Sasa piga stata, si zaidi ya sekunde kumi kwa mpigo mmoja, na uipumzishe kabla ya kujaribu tena.

Gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Na mtu asikuvute kwa kamba hadi Mwihoko magurudumu yakizunguka, maana pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima gia husagika bila kulainishwa. Ikibidi, litafutwe lori la kulibeba.

Wenye magari ya haibridi, kama Toyota Prius na Aqua ambazo zimejaa barabarani siku hizi, wana jaribu la pekee. Petroli ikiisha, gari halizimi papo hapo. Huendelea kimya kimya kwa umeme, na dereva akafikiri amepata njia ya kufika bure. Lakini betri hiyo kubwa ndiyo inayoizungusha injini ya petroli ili iwake. Ikiisha nguvu kabisa, hata ukitia tangi zima injini haitaamka, na betri ya kawaida ya mbele haiwezi kufanya kazi hiyo. Egesha mara tu gari linapokuonya, nguvu ingali ipo.

Injini ikishawaka, iache ingurume dakika moja kabla ya kuondoka, na siku zinazofuata usikilize. Pampu inayopiga mluzi mrefu kutoka nyuma, gari linalosita ukikanyaga mafuta kupanda kilima, au linalochelewa kuwaka asubuhi, ni mambo ya kupeleka gereji. Ukifika huko mwambie fundi waziwazi kwamba gari liliishiwa na mafuta, na lini. Ukimficha ataanza kwa kubadilisha plagi, kisha koili, kisha kitu kingine, kila kimoja kwa gharama yako, kabla hajafikiria kupima presha ya petroli.